Mgagani, Mboga Inayokabili Jua

Sogeeni, wajukuu zangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Inahusu mmea, na huenda asubuhi hii mmeupita mkienda shule bila hata kuutupia jicho. Hupenda kuota mahali ambapo watu hawana haja napo: kando ya zizi, nyuma ya jiko, juu ya jalala la zamani, kwenye mahame ambako familia ilihama na ng'ombe wake na kuacha samadi imelala ardhini. Mvua za kwanza zikidondoka, huchipuka wenyewe, haukupandwa wala haukuitwa.

Jina lake ni mgagani. Wagiriama huuita mwangani, Wagusii chinsaga, Waluo dek au akeyo, Waluhya tsisaka, Wakalenjin saget, na katika masoko ya Nairobi akina mama wauzaji watakuuliza kama unataka saga. Nawatajia majina haya yote ili popote mtakapokwenda kumtembelea shangazi au mjomba, muweze kuuliza na kuonyeshwa.

Mkitaka kuutambua, anzeni na pua. Sugueni jani moja kati ya vidole. Shina na majani yana vinywele vidogo vyenye utomvu unaonata, na humo ndimo inamotoka ile harufu kali, ambayo wengine huipenda na wengine huikunjia uso. Kisha litazameni jani lenyewe. Ni vijani vidogo, mara nyingi vitano, vilivyokutana juu ya kikonyo kimoja kama kiganja kilichonyooshwa. Mara nyingine mtahesabu vitatu, mara nyingine saba. Shina laweza kuwa la kijani au la zambarau. Mmea uliopata samadi ya kutosha hufika kimo cha mita moja na nusu, yaani humpita mtoto wa darasa la nne.

Lakini hasa nimewaita kwa ajili ya ua. Likaribieni. Lina petali nne nyororo, nyeupe au za waridi hafifu, na stameni sita ndefu. Katika maua mengi mnayoyajua, stameni, yaani vile vijiti vyenye chavua, huanzia chini kabisa, pale pale zinapoanzia petali. Mgagani hufanya vingine. Katikati ya petali hupanda kijiti chembamba, na stameni zote sita zimeota juu ya kijiti hicho, zimetanuka huku na huku, na juu yake tena imekaa ovari, sehemu itakayokuja kuwa tunda. Ukiwa na subira utawaona wadudu wakiparamia humo na kutoka na vumbi la chavua mwilini. Ua likishachavushwa, ovari hurefuka ikawa ganda jembamba la kijani, lenye urefu wa hata sentimita 12, limejaa mbegu ndogo nyeusi za mviringo zenye ngozi iliyokwaruzika. Mtaalamu wa mimea wa Sweden, Carl Linnaeus, aliuandika kitabuni mwaka 1753 kwa jina la Cleome gynandra. Siku hizi wataalamu wengi huuita Gynandropsis gynandra. Mabibi wa Kisii na Kilifi wameuchuma tangu zamani.

Sasa tuufuate mgagani siku moja ya jua kali, kwa kuwa siri yake kubwa hutendeka mchana, saa ambayo sisi tumekwisha kukimbilia kivulini.

Asubuhi vijani vyake huelekea mashariki. Jua likipanda, navyo hugeuka taratibu kulifuata, na jioni huwa vinatazama magharibi. Ndiyo maana wengine wameuita mkabilishemsi, yaani mwenye kulikabili jua. Mimea mingi saa sita mchana hulegeza majani ili kulikwepa jua. Mgagani hulitazama usoni.

Unawezaje? Sikilizeni kwa makini hapa, maana ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kila jani lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kupitia vitundu hivyo mmea huvuta hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa sisi tukipumua, na kwa nguvu za mwanga wa jua huiunganisha na maji, ikapatikana sukari. Kazi hiyo mnaijua darasani kwa jina la usanisinuru. Tatizo ni kwamba kitundu kikifunguka ili hewa iingie, maji nayo hupata njia ya kutoka. Mchana wa joto mmea wa kawaida huwa mashakani: ukifungua vitundu, utanyauka, ukivifunga, utakosa hewa ya ukaa, na bila hewa ya ukaa hakuna chakula.

Tena kuna tatizo la pili. Ndani ya jani, anayeikamata hewa ya ukaa ni kimeng'enya kiitwacho rubisko. Rubisko ni mchapakazi, ila ana kasoro. Joto likizidi na hewa ya ukaa ikipungua, hukosea akakamata oksijeni badala yake, na mmea hulazimika kutumia nguvu zake kurekebisha kosa hilo. Siku ya joto kali nguvu nyingi hupotea kwa namna hiyo.

Mgagani umepata njia ya kuyakwepa matatizo yote mawili. Seli za nje za jani lake huikamata hewa ya ukaa kwa kutumia kimeng'enya kingine, ambacho hakibabaishwi na oksijeni, na kuifunga ndani ya asidi yenye atomi nne za kaboni. Asidi hiyo husafirishwa mpaka kwenye seli nyingine, zile zilizouzunguka kila mshipa wa jani. Huko ndani hufunguliwa, hewa ya ukaa humwagika kwa wingi, na rubisko, ambaye huko ndiko anakokaa, huzungukwa nayo pande zote hata akose nafasi ya kukosea. Matokeo yake ni kwamba mmea hauhitaji kuacha vitundu wazi muda mrefu. Hupata chakula kingi kwa maji machache, katika joto linalowashinda wengine.

Mimea yenye njia hii huitwa mimea ya C4, kwa ajili ya zile atomi nne. Mahindi yamo katika kundi hilo, na mtama, na miwa, na mchicha. Mpunga haumo. Maharage hayamo. Sukuma wiki haimo. Hii ya sukuma wiki iwekeni akilini, kwa sababu sukuma wiki na kabichi ni ndugu wa karibu wa mgagani kwa nasaba ya mimea, na hapo ndipo wataalamu wa mbali walipoanza kuutolea macho mmea wetu wa jalalani. Walijiuliza: ikiwa ndugu mmoja ana njia ile na mwingine hana, je, kuwalinganisha hawa wawili hakutatuonyesha njia ile hujengwaje? Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliandika makala wakipima kama wanaoichunguza C4 waendelee na mahindi au wauchukue ukoo wa mgagani. Mwaka 2023 watafiti walichapisha mpangilio wa vinasaba vyote vya mgagani. Ndoto ya baadhi yao ni kwamba siku moja mpunga nao ufundishwe kazi hii, ili ukue vizuri kwa maji kidogo. Ndoto hiyo bado iko mbali. Hata hivyo mkiuona mgagani kando ya choo cha shule, jueni kuwa kuna maabara Ulaya zinazouotesha kwa uangalifu mkubwa kuliko sisi.

Turudi kwenye harufu. Inatoka kwenye ule utomvu unaonata, na kwa wadudu wengine ni onyo. Mwaka 1992 watafiti waliofanya kazi Kenya waliandika kwamba kupe hawakuonekana karibu na mahali ulipoota mgagani, kwa umbali wa mita 2 hadi 5 hivi. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, waliupanda katikati ya mawaridi, kwa sababu mawaridi ya biashara husumbuliwa sana na utitiri mwekundu, kidudu kinachofyonza majani mpaka yakageuka rangi, na wakaona utitiri ukipungua. Msiende kumwambia baba aache kuogesha ng'ombe! Lakini kupanda mstari wa mgagani kando ya bustani ni jambo la busara, na hakuna hasara, maana mstari wenyewe mtaula.

Na sasa tumefika jikoni.

Mgagani ni mchungu. Sitawadanganya. Uchungu huo ni kinga ya mmea, na ni wa ukoo mmoja na ule ukali mnaousikia katika figili na haradali. Kila jamii imepata namna yake ya kuutuliza. Wagusii huchemsha chinsaga, huitia maziwa, huiacha ilale usiku kucha chunguni, kisha huipasha tena, na wenyewe watakuambia kuwa ya siku ya pili ni tamu kuliko ya siku ya kwanza. Huliwa na ugali wa wimbi. Waluo nao hupenda maziwa, na mara nyingi huuchanganya na mnavu. Pwani hutiwa tui la nazi. Usukumani na Unyamwezini hutiwa karanga zilizotwangwa, na majani hukaushwa ili yaliwe kiangazi, mboga mbichi zikiadimika. Mbali kabisa na sisi, kaskazini mwa Namibia, Waovambo huupika, wakaufinyanga kuwa mabonge bapa ya mboga, wakayaanika juani, na kuyaweka akiba kwa miezi ya ukame.

Mama aliyejifungua hupikiwa mgagani katika sehemu nyingi unapoliwa, na sababu haiko mbali: majani yake yana madini ya chuma na kalsiamu, pamoja na vitamini C na kile kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, kinachosaidia macho na kinga ya mwili. Ni kwa sababu hiyo siipendi desturi ya kuchemsha mboga hii mara mbili au tatu na kumwaga maji kila mara. Uchungu huondoka, ni kweli, lakini vitamini C huondoka nao, na sehemu ya madini pia. Ni heri kuchuma majani machanga kabla mmea haujatoa maua, maana hayo huwa na uchungu kidogo, kuyachanganya na mchicha au majani ya kunde, kuyapika kwa muda mfupi, na kuyaachia maziwa au karanga kazi ya kulainisha ladha. Mkipika hivyo, hata mdogo wenu anayekataa mboga ataomba kuongezewa.

Neno moja la tahadhari. Mtawasikia watu wakisema maji ya majani haya hutiwa sikioni sikio likiuma. Dawa za asili zina heshima yake, na wazee waliujua mmea huu kwa matumizi mengi, lakini sikio ni kiungo nyeti. Likiuma, mwambieni mama awapeleke zahanati. Mgagani kazi yake ni sahani.

Mtaniuliza: kama una sifa zote hizi, mbona hauonekani kwenye bustani ya shule? Kwa miaka mingi vitabu vya kilimo viliuhesabu kuwa gugu. Kabichi ikapewa tuta, mbolea na bwana shamba. Mgagani ukapewa jembe la palizi. Watoto wakakua wakidhani mboga za bibi ni chakula cha watu wasio na fedha. Hilo lilinisikitisha sana, na bado linanisikitisha. Wako waliokataa kulinyamazia. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, alikulia magharibi mwa Kenya na utotoni mwili wake haukupatana na maziwa, mayai wala samaki. Mboga za kienyeji ndizo zilizomlea. Alipokuwa mtaalamu wa kilimo cha bustani akageuka kuzitumikia: akazichunguza, akazifundisha, akazitetea mbele ya wakubwa. Mwaka 1997 mabingwa wawili, Chweya na Mnzava, walichapisha kitabu kizima juu ya mgagani peke yake. Na Arusha, kwenye kituo cha Shirika la Dunia la Mboga kilichofunguliwa mwaka 1992, mbegu za mgagani zimehifadhiwa na kuchaguliwa ili wakulima wapate mimea yenye majani mengi, inayochelewa kutoa maua.

Basi tuupande. Ni mmea wa nchi za joto, unaokubali kuanzia usawa wa bahari hadi mwinuko wa mita 2,400 hivi, kwa hiyo wa Tanga na wa Nyamira wote wana ruhusa. Unataka jua lote na samadi iliyooza vizuri. Hautaki maji yaliyotuama. Mizizi yake ikizama hufa. Lainisheni tuta, chimbeni mifereji midogo yenye kina cha sentimita moja tu, na nafasi ya sentimita 30 kati ya mmoja na mwingine. Mbegu ni ndogo na huteleza vidoleni, kwa hiyo zichanganyeni na mchanga mkavu, mnyunyize mchanganyiko huo taratibu, mfukie kwa udongo kidogo, mmwagilie. Fukieni kweli, msiziache juu, kwa sababu mbegu hizi hupenda giza zinapoota. Pandeni pale pale shambani. Mzizi wake mkuu huenda moja kwa moja chini na haupendi kung'olewa kwenye kitalu na kuhamishwa.

Katika juma moja hivi mtaona miche. Na hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu juma hupita, la pili hupita, na tuta limebaki tupu. Huenda kosa halikuwa lao hata kidogo. Mbegu ya mgagani iliyotoka kuvunwa huwa imelala. Iko hai, nzima, ila haitaki kuamka, hata mkiimwagilia asubuhi na jioni. Ndiyo hekima yake porini: kama kila mbegu ingeota siku iliyoanguka, kiangazi kingeziua zote. Inahitaji kukaa mahali pakavu miezi mitatu angalau, na ikifika miezi sita huota vizuri zaidi. Wauzaji wengine hawalijui hili, wengine hulijua na kuuza hivyo hivyo, na mkulima akarudi nyumbani akijilaumu. Mkinunua mbegu, ulizeni zilivunwa lini. Swali hilo moja litawaokolea msimu mzima.

Miche ikifika kimo cha kidole chenu, ipunguzeni ili kila mmoja ubaki na nafasi ya sentimita 15 hadi 20. Mliyoing'oa msiitupe, hiyo ndiyo mboga yenu ya kwanza. Palilieni mapema, maana mgagani mchanga hushindwa na magugu kirahisi. Watakuja vidukari chini ya majani, na vijidudu vyeusi vinavyorukaruka na kutoboa vitundu. Vidukari vichache waweza kuviosha kwa maji. Kati ya juma la nne na la sita mtaanza kuchuma. Kateni ncha ya juu kwanza, na mmea utatoa matawi ya pembeni. Kila mkiona vichipukizi vya maua, viondoeni. Mgagani ukishaanza kuchanua huelekeza nguvu zake kwenye mbegu, majani yakawa madogo na machungu. Ukizuiwa kuchanua huendelea kuwapa majani kwa majuma kadhaa zaidi.

Lakini msiyakate maua yote! Chagueni mimea mitano au sita iliyo bora kuliko yote, yenye majani makubwa na iliyochelewa kuchanua, mwifunge kitambaa ili asiiguse mtu. Hiyo iacheni ifanye itakavyo. Kama mnataka kuhifadhi wa shina la zambarau peke yake, upandeni mbali na wa kijani, kwa maana wadudu hubeba chavua huku na kule na watoto watatoka mchanganyiko. Maganda yakianza kuwa ya manjano, yachumeni asubuhi, kabla hayajakauka kabisa, kwa sababu ganda lililokauka hupasuka lenyewe na mbegu zikamwagika ardhini, na ndege wadogo huzisubiri kwa hamu. Yatandazeni kwenye kitambaa kivulini. Yakikauka yasugueni, pepeteni, mziweke mbegu kwenye chupa kavu yenye kifuniko, na juu yake mbandike karatasi yenye tarehe.

Mkienda likizo kwa bibi mwaka huu, muulizeni anapika vipi mgagani wake na mbegu alizipata wapi. Ombeni maganda machache. Leteni mbegu hizo shuleni, zisubirini miezi sita, kisha mwombeni mwalimu wenu awapeni tuta moja.